Sheria ya Wakati Ule

Tarehe 22 Oktoba 2014, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walitoa hukumu kuhusu kanuni zilizokuwa zimefutwa miaka 44 kabla. Kanuni za Viwanda vya Asbesto za mwaka 1931 ziliondolewa mwaka 1970, zikapisha kanuni nyingine, ambazo nazo baadaye ziliondolewa na kupisha nyingine tena. Hata hivyo majaji wale walizisoma neno kwa neno na kubishana juu ya maana yake. Mwishowe waligawanyika watatu kwa wawili, na upande wa watatu ukasema kwamba kanuni hizo zilimlinda mlalamikaji.

Mlalamikaji alikuwa dereva wa lori. Kati ya 1954 na 1959 alikuwa akienda kwenye kituo cha kufua umeme cha Battersea, London, kuchukua majivu ya makaa ya mawe kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa ujenzi iliyomwajiri. Hakuwa mfanyakazi wa kituo kile. Lakini alipokuwa humo alipita mahali ambapo mafundi walikuwa wakichanganya unga wa asbesto na maji ili kuyafunika mabomba, na vumbi lake akalivuta. Zaidi ya nusu karne baadaye aliambiwa ana mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Hukumu ilipotoka alikwisha kufariki. Kituo chenyewe kilizimwa mwaka 1983, na siku hizi jengo lile ni maduka na nyumba za matajiri.

Kituo hakifui tena umeme, dereva amezikwa, kanuni imefutwa, na bado kuna mtu anayedaiwa.

Kwa wanasheria jambo hili ni la kawaida mno, kiasi kwamba ukiwauliza kulikoni watakuonyesha kifungu na kuendelea na chai yao. Uingereza iliandika kifungu hicho mwaka 1889 katika Sheria ya Tafsiri, na makoloni yakakirithi. Kenya inacho katika Sura ya 2 ya sheria zake, kifungu cha 23. Tanzania inacho katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba sheria ikifutwa, kufutwa huko hakugusi haki iliyokwisha kupatikana, wajibu uliokwisha kuingiwa, wala kesi inayotokana na hayo. Bunge haliirudii siku ya jana. Linaifungia sheria mlango wa kuingilia mambo mapya, na yaliyokwisha kuingia yanabaki ndani.

Mwanafalsafa hatosheki na jibu la kifungu. Anataka kujua inawezekanaje kitu kisichokuwapo kitoe amri. Mwingereza H.L.A. Hart, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya dhana ya sheria, alisumbuliwa na swali linalokaribiana na hilo: mwaka 1944 mwanamke mmoja alitiwa hatiani Uingereza kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wamekufa zamani. Kwa nini amri yao iendelee kutiiwa? Hart alijibu kwamba sheria haitegemei pumzi ya aliyeitunga, inategemea watu wa leo kukubali utaratibu unaoitambua kuwa sheria. Jibu zuri, ila lilimhusu mtunzi aliyekufa wa sheria iliyo hai. Battersea tuna sheria yenyewe iliyokufa. Mwargentina Eugenio Bulygin ndiye aliyelikaribia zaidi suala hili. Alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: sheria kuwamo ndani ya mfumo, na jaji kuwa na wajibu wa kuitumia. Sheria inaweza kuwamo bila kutumika, kama ile iliyopitishwa na Bunge lakini siku yake ya kuanza haijatangazwa. Na inaweza kutumika ilhali imekwisha kutoka.

Hapo Bulygin ametueleza jambo linavyotokea. Hajatueleza kwa nini ni haki litokee hivyo.

Sababu ya kwanza inaonekana kwa mangi wa dukani: akibadilisha bei ya sukari leo, deni la jana halifutiki wala haliongezeki. Ingekuwa vinginevyo, kila Bunge linaloboresha sheria ya usalama kazini lingekuwa linawafutia deni wote walioivunja ile ya zamani. Mwenye kiwanda aliyewanyima wafanyakazi wake barakoa kwa miaka ishirini angeomba kwa bidii sheria mpya na kali ipitishwe, maana siku ya kupitishwa kwake ndiyo siku yake ya msamaha. Kwa magonjwa ya asbesto hali ingekuwa mbaya zaidi. Mesothelioma huchukua miaka 20, 30, hata 50 kujitokeza, na hakuna sheria ya usalama kazini inayodumu muda huo bila kuguswa. Mgonjwa angefika mahakamani kila mara akikuta sheria yake imezikwa.

Sababu ya pili ni ya kina zaidi, na waumini wa pwani ya Afrika Mashariki waliijadili katika madrasa na darasa za misikitini kabla Uingereza haijawa na sheria ya viwanda. Wanazuoni wa usulu, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, wana mlango mzima wa elimu juu ya hukumu iliyofutwa na hukumu iliyoifuta, mansukhi na nasikhi. Mfano wao maarufu ni kibla. Mtume na maswahaba zake walipohamia Madina waliswali kwa miezi 16 au 17 wakielekea Baitul Makdisi, kisha ikashuka amri ya kuelekea Makka. Likazuka swali la watu waliokufa kabla ya amri mpya. Wao walielekea upande ambao sasa si kibla. Sala zao zimekwenda wapi? Jibu limo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 143, na maana yake ni kwamba imani yao haikupotezwa. Waliswali kwa sheria ya wakati wao, na kwa sheria hiyo watahesabiwa.

Kilichowashughulisha zaidi wanazuoni kilitokea Kuba, nje kidogo ya Madina. Watu walikuwa katika sala ya alfajiri, wameelekea kaskazini, alipofika mtu akawaambia kwamba usiku ule imeshuka amri ya kuielekea Kaaba. Wakageuka humo humo ndani ya sala, migongo ikawa pale zilipokuwa nyuso, wakamalizia. Sehemu ya mwanzo hawakuirudia. Ukipiga hesabu kali, amri ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa walipoanza kuswali. Lakini habari ilikuwa haijawafikia. Wanazuoni wengi wakachukua hapo hoja kwamba hukumu mpya haimfungi mtu mpaka imfikie, na kabla ya hapo ile iliyofutwa ndiyo inayompasa na ndiyo inayomkinga.

Inampasa na inamkinga. Wanaoshangilia hukumu ya Battersea husahau neno la pili.

Chuo Kikuu cha Birmingham kiliponea hapo. Mwaka 1974 mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza alifanya majaribio yake ya fizikia ndani ya handaki la huduma chini ya majengo ya chuo. Ndani ya handaki hilo yalipita mabomba ya moto yaliyofungwa kwa asbesto. Kwa makadirio yaliyokubaliwa mahakamani, alikaa humo kwa jumla ya saa kati ya 52 na 78, akivuta hewa yenye nyuzi za asbesto zaidi kidogo ya 0.1 katika kila mililita. Alifariki kwa mesothelioma mwaka 2006. Mjane wake alikishitaki chuo, akashinda katika mahakama ya kwanza. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo.

Majaji wa rufaa hawakusema kwamba handaki lilikuwa salama. Walisema kwamba swali lililopaswa kuulizwa ni lile la mwaka 1974: je, chuo chenye uangalifu wa kawaida, kwa ujuzi wa wakati ule, kingeona hatari? Na ili kupata ujuzi wa wakati ule walikwenda kwenye waraka wa kitaalamu namba 13, uliotolewa Machi 1970 na idara ya ukaguzi wa viwanda. Waraka ule uliweka mpaka wa nyuzi 2 kwa mililita kwa aina nyingi za asbesto, na 0.2 kwa ile ya buluu, iliyojulikana kuwa mbaya kuliko zote. Hewa ya handaki ilikuwa chini ya mipaka yote miwili. Leo hakuna daktari anayeamini kwamba chini ya mipaka ile mtu yuko salama. Haikujalisha. Chuo kilihukumiwa kwa waraka uliopitwa na wakati, na waraka huo ukakiokoa.

Utaratibu uliompa dereva haki yake, sheria ya wakati ule kwa jambo la wakati ule, ndio uliomnyima mjane. Mtu hawezi kuupenda wa kwanza na kuukataa wa pili kwa sababu tu ya machozi. Kama kituo cha umeme kinabeba kanuni za 1931 pamoja na mzigo wake, chuo nacho kina haki ya kubeba ujuzi wa 1974 pamoja na mapengo yake. Katiba ya Tanzania inasimama papo hapo katika mambo ya jinai: ibara ya 13(6) inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda, wala kupewa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo siku hiyo.

Hata hivyo kuna kitu katika kesi ya Birmingham kinachokwaruza, na hisia hiyo haitokani na huruma peke yake. Inatokana na mshitakiwa kuwa chuo kikuu.

Watu wa Kuba walikuwa wakingoja habari. Hawakuwa na njia ya kuitafuta. Wahyi ulishuka kwingine, mjumbe akatembea, akafika alfajiri. Chuo kikuu ndiko habari zinakotoka. Mwaka 1960 watafiti watatu Afrika Kusini, J.C. Wagner na wenzake, walichapisha maelezo ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote kutoka eneo la machimbo ya asbesto la Rasi ya Kaskazini; baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini, walikuwa wakazi tu. Mwaka 1965 watafiti wawili wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walichunguza wagonjwa 76. Karibu nusu hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto wala kuishi na aliyeifanya, na kati ya hao 11 waliwahi kukaa ndani ya nusu maili kutoka kiwandani. Gazeti la Sunday Times likaandika habari hiyo mwaka huo huo. Kwa hiyo miaka tisa kabla ya majaribio ya handakini, chuo cha nchi ile ile, tena kwa mkono wa wanasayansi, kilikwisha kuonyesha kwamba dozi ndogo huua. Mahakama ilikitazama Chuo Kikuu cha Birmingham kama mwenye jengo, mtu wa kufuata waraka wa mkaguzi. Chuo kikuu kinachojinadi kwa wazazi na wafadhili kama nyumba ya maarifa, kisha kikifika kortini kinajieleza kama mwenye nyumba asiyesoma zaidi ya waraka aliotumiwa, kinatumia sura mbili. Kisheria kilishinda kihalali. Kifalsafa, ujuzi wa wakati ule unapaswa kupimwa kwa kazi ya mtu. Maktaba ya chuo ilikuwa sehemu ya 1974 kama ulivyokuwa waraka.

Isitoshe, kulikuwa na sababu nyingine iliyomweka mwanafunzi yule pabaya kuliko dereva. Sheria za viwanda za Uingereza zilihusu viwanda, na chuo si kiwanda. Kamati ya Lord Robens juu ya usalama kazini ililalamikia jambo hili katika ripoti yake ya mwaka 1972: sheria zilikuwa nyingi, zimegawanyika kwa aina ya jengo, na mamilioni ya watu katika shule, vyuo na hospitali wakabaki nje. Sheria iliyotokana na ripoti hiyo ilipitishwa Julai 1974, mwaka ule ule wa handaki, na sehemu yake kubwa ikaanza kutumika Aprili 1975. Ndiyo iliyomtaka kila mwajiri awalinde hata wasio wafanyakazi wake, wanafunzi wakiwamo.

Je, Bunge haliwezi kurudi nyuma na kuwapa haki waliochelewa? Linaweza, na limewahi. Mei 2006 mahakama ya juu ya wakati huo iliamua kwamba kama mgonjwa wa mesothelioma alivuta asbesto kwa waajiri kadhaa, kila mmoja atalipa sehemu yake tu. Waliofilisika, sehemu yao imekwenda na maji. Julai mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria kwamba kila mmoja anaweza kudaiwa fidia yote, na likaandika kuwa kifungu hicho kihesabiwe kana kwamba kimekuwapo siku zote. Yaani kanuni za 1931, zilizofutwa, ziliendelea kufanya kazi, na hii ya 2006, iliyozaliwa juzi, ikatangazwa kuwa ya milele. Lon Fuller, Mmarekani aliyeihesabu sheria ya kurudi nyuma kuwa miongoni mwa njia za kuua utawala wa sheria, mwenyewe alikiri kwamba kuna nyakati huhitajika kutibu kasoro. Sheria ya 2006 haikumgeuza mwema kuwa mkosaji. Iliwahusu wale ambao kosa lao la zamani limekwisha kuthibitishwa, ikabadilisha tu nani abebe hasara ya aliyetoweka. Mpaka huo unaonekana kuwa wa haki, ijapokuwa kampuni za bima hazikuufurahia.

Afrika Mashariki kuna namna nyingine kabisa ya sheria iliyofutwa kuendelea kukifunga chuo. Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu 1951, Sura ya 514. Mwaka 1990 ilipanuliwa na kupewa jina la Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi, na kwa mlango huo wa mahali pengine vyuo vikuu vikaingia. Mwaka 2007 ikafutwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Lakini chini ya sheria ya zamani zilikuwa zimetungwa kanuni ndogo chungu nzima: za kamati za usalama mwaka 2004, za kelele mwaka 2005, za kupunguza hatari ya moto na za kemikali hatari mwaka 2007. Kifungu cha 24 cha ile Sura ya 2 kinasema kwamba mama akifutwa, watoto wanabaki, mradi hawapingani na sheria mpya, mpaka nao wafutwe.

Wakabaki. Kwa miaka mingi baada ya 2007, chuo cha Kenya chenye wafanyakazi 20 au zaidi kilitakiwa kuunda kamati ya usalama kwa kanuni iliyobeba jina la sheria isiyokuwapo. Mkuu wa karakana ya uhandisi aliyetaka kujua kama mashine yake inazidi kiasi alifungua kanuni za 2005 na kukuta desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku, chini ya kichwa cha habari cha sheria iliyofutwa. Hapa hapana deni la zamani. Hapa ni amri mpya kila asubuhi, kwa makosa mapya, kutoka kwa kanuni yatima. Uhalali wake hauna shaka kwa mwanasheria. Kwa mfanyakazi wa maabara una tatizo: ukimwambia avae vizuia kelele kwa mujibu wa sheria fulani, naye akaitafuta akakuta imefutwa, atadhani umemdanganya, na hatakuwa na kosa. Bunge la Kenya lenyewe liliona hatari ya kanuni zisizozeeka. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu hati za kisheria imeziwekea kanuni ndogo ukomo wa miaka kumi, kila moja ijieleze upya au iondoke.

Namna hii ya pili haina hoja ya haki inayofanana na ile ya Battersea. Kanuni ya 1931 ilirudishwa mahakamani kwa sababu kuna mtu aliyeumizwa ilipokuwa hai. Kanuni yatima huachwa kwa sababu wizara haijapata nafasi ya kuandika nyingine. Ni afadhali kuliko pengo, hilo ni kweli: chuo kisicho na kanuni yoyote ya kemikali kwa miaka kumi ni hatari kuliko chuo chenye kanuni ya jina lililochakaa. Ila isipewe heshima ya falsafa. Ni uzembe wa kiserikali uliobahatika kuwa na faida.

Deni la kweli liko juu ya mapaa. Shule na nyumba nyingi za serikali zilizojengwa enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru ziliezekwa kwa mabati ya saruji na asbesto, na wanaoyatoboa leo kupitisha nyaya za intaneti huenda wataugua katika miaka ya 2050. Kesi zao zitaamuliwa kwa sheria ya leo, ambayo kufikia wakati huo bila shaka itakuwa imefutwa, na kwa ujuzi wa leo, ambao hakuna chuo kitakachoweza kudai kuwa hakikuwa nao. Kwa sababu hiyo ofisi ya usalama ya chuo iko nusu yake karakana na nusu yake masjala. Uingereza sasa humtaka mwajiri atunze kumbukumbu za afya za mfanyakazi wa asbesto kwa miaka 40 au zaidi, lakini agizo hilo linamtaja mfanyakazi, na mwanafunzi aliye handakini si mfanyakazi. Chuo kinachochoma makaratasi ya maabara kila baada ya muda kinachoma ushahidi wa pande zote mbili: wa aliyeumia na wake chenyewe, kwa kuwa Birmingham nayo ilishinda kwa karatasi ya 1970 iliyokuwa bado inasomeka.